Vipaumbele vya kijiji cha kando ya ziwa: tuulize nini, na nani atekeleze?

Mkazi wa Mwalo

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua vizuri uongozi wa vijiji na mambo ya ziwa.

Kijiji kiko kando ya Ziwa Victoria, mkoa wa Mwanza. Kaya zinakaribia 600, vitongoji 5, mwalo 1 (mahali mitumbwi inaposhusha samaki) wenye mitumbwi ya dagaa na ya sangara, na ng'ombe kama 300 wanaonyweshwa ziwani moja kwa moja. Halmashauri ya kijiji imekubali tukusanye vipaumbele vya wakazi kuhusu kulinda ziwa na namna kijiji kinavyoongozwa, kisha vipelekwe mkutano mkuu. Malalamiko ya kila siku yanajulikana: magugu maji yanaziba mwalo, nyumba na vyoo vinazidi kusogea ufukweni, kokoro (wavu wa kukokota hadi ufukweni) linavutwa usiku, kina mama wanateka maji palepale mifugo inapoingia, na mapato ya kijiji hayasomwi.

Naomba kujua mambo matatu. Maswali yaulizwe vipi ili tupate vipaumbele vya kweli na si orodha ya kila kitu? Majibu yakishapatikana, yanageukaje kuwa sheria ndogo yenye nguvu? Na yapi yako nje ya uwezo wa kijiji, tusije tukawaahidi watu tusichoweza kutimiza?

---

Mtendaji Mstaafu

Mkuu, umeuliza swali la tatu mwisho, ila ndilo la kuanza nalo. Kabla hujachapa dodoso hata moja, chora jedwali la safu mbili: jambo, na mwenye mamlaka nalo. Kazi nyingi za namna hii hufia hapo. Wananchi wanataja kokoro, halmashauri ya kijiji inaandika "tutadhibiti kokoro", mwaka unaisha na hakuna kilichofanyika, kwa sababu nyavu na doria zimo kwenye Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kijiji peke yake hakina meno huko.

Kwa kifupi iko hivi. Ardhi ya kijiji, njia za kwenda ziwani, usafi, mifugo na miti ni vya kijiji. Mitumbwi na nyavu ni vya BMU (kikundi cha wadau wa uvuvi kinachosimamia mwalo) pamoja na afisa uvuvi. Ushuru wa mazao ya uvuvi ni wa halmashauri ya wilaya. Kibali cha kuchukua maji ziwani kwa mradi hutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Uchafuzi mkubwa, kama wa kiwanda au machimbo, unapita kwa afisa mazingira wa wilaya na NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira). Kwenye dodoso usitenganishe mambo haya, mkazi hana haja ya kujua mipaka ya ofisi. Yatenganishe kwenye jedwali lako, na siku ya mkutano mkuu sema wazi lipi tutaamua hapa na lipi tutalipeleka kwa barua.

Sasa maswali. Usiulize "Je, kulinda ziwa ni muhimu?" Hakuna atakayesema hapana, na hutakuwa umejua chochote. Mlazimishe mtu achague. Tengeneza kadi 8 za karatasi ngumu, kila moja na mchoro wake: magugu, choo, kokoro, ng'ombe majini, ndoo ya maji, nyumba ufukweni, taka, daftari la mapato. Mpe punje 10 za mahindi azigawe juu ya kadi anavyotaka, hata zote 10 kwenye kadi moja. Mwenye kusoma na asiyesoma wanajibu sawasawa. Mdodosaji anahesabu, anaandika, anazoa punje zote kabla mtu mwingine hajakaribia, maana wa pili akiona lundo la wa kwanza atafuata. Mume na mke waulizwe kila mmoja kivyake na waandikwe safu tofauti. Ukiwachanganya, kadi ya ndoo ya maji itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Baada ya punje, maswali mawili tu ya kuandika: "Kwa jambo uliloliwekea punje nyingi, uko tayari kutoa siku ngapi za kazi kwa mwezi?" na "Nani akishindwa kulisimamia utamwuliza?" Hilo la pili litakuonyesha kama watu wanajua mwenyekiti wa kitongoji anafanya nini na BMU inafanya nini. Mara nyingi hawajui, na hilo lenyewe ni jambo la kurekebisha.

Idadi: kwa kaya 600, fomula ya Yamane ya kukadiria idadi ya kuhojiwa inakupa kaya 86 ukikubali makosa ya asilimia 10, na kaya 240 ukitaka asilimia 5. Chukua 100. Zigawe kwa ukubwa wa kitongoji, siyo 20 kila mahali: kitongoji chenye kaya 180 kipate 30, chenye kaya 60 kipate 10. Pigeni kura ya namba kati ya 1 na 6, anzieni nyumba hiyo kwenye daftari la wakazi, kisha kila ya sita. Wadodosaji 5, kila mmoja kaya 10 kwa siku, mnamaliza siku 2. Mdodosaji asifanye kazi kwenye kitongoji chake.

Kuhusu sheria ndogo, hatua ziko kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, vifungu vya 163 na 164. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, inaipeleka mkutano mkuu wa kijiji ijadiliwe, inaipitisha, kisha inapelekwa halmashauri ya wilaya ikaidhinishwe. Bila idhini hiyo ni karatasi tu, na faini utakayotoza unaweza kulazimishwa kuirudisha. Kinachokwamisha rasimu nyingi ni vitu vidogo: muhtasari wa mkutano mkuu haukuambatanishwa, orodha ya mahudhurio haina sahihi, faini imezidi kiwango cha sheria, au kifungu kinagongana na sheria mama. Mpelekee mwanasheria wa halmashauri rasimu kabla ya mkutano mkuu, siyo baada. Baraza la madiwani hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ukikosa kikao kimoja kwa sababu ya sahihi, umepoteza robo mwaka.

Jambo la mwisho, kama eneo lenu limeshaingizwa kwenye mji na kuwa mtaa, haya ya sheria ndogo hayawahusu. Mtaa hauna mamlaka hayo, sheria inatungwa na halmashauri ya mji au manispaa.

---

Mama wa Chanja

Mtendaji ameeleza vizuri, ila daftari la wakazi litawakosa watu wanaolitumia ziwa kuliko wote. Wavuvi wanaohama na samaki, wabebaji, wanaoanika dagaa, wakaanga samaki: wengi wamepanga chumba au wanalala kambini na hawamo kwenye daftari. Ongezeni orodha ya pili ya watu 30 mwaloni, wanaume 15 na wanawake 15, na matokeo yao yaandikwe peke yake. Hawa hawapigi kura mkutano mkuu kama si wakazi, lakini ndio watakaotumia choo cha mwalo mkikijenga na ndio watakaovunja sheria wasiyoijua.

Tarehe nayo ni muhimu. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi; mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inapumzika. Mkiitisha mkutano katikati ya giza, wavuvi wamelala na wanawake wako kwenye chanja za kuanikia dagaa. Tazameni kalenda, mkutano uwe siku mbili tatu kabla au baada ya mwezi mpevu. Ikishindikana, basi uwe saa 8 mchana: asubuhi watu wanaanika, jioni wanaanua. Saa 3 asubuhi mtapata wazee na viongozi tu.

---

Mkazi wa Mwalo

Asanteni sana, Mtendaji na Mama. Hilo la giza na mbalamwezi tutalifuata.

Kuna jambo limeshaanza kuleta mvutano. Wajumbe wawili wanataka kipaumbele cha kwanza kiwe kubomoa kila kilicho ndani ya mita 60 za ufukwe zinazotajwa na sheria. Wengine wanasema sheria hiyo inawahusu wenye hoteli tu. Ukweli ni upi? Na hizo mita 60 zinapimwa kutoka wapi, wakati maji yenyewe yanapanda na kushuka?

---

Fundi Ramani

Pande zote mbili zimekosea. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 kinakataza ndani ya mita 60 shughuli za binadamu za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu uhifadhi wa ufukwe wa ziwa, ukingo wa mto au bwawa. Hakisemi hoteli, hakisemi maskini wala tajiri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 nayo inautaja ukanda huohuo wa mita 60 miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Lakini kijiji hakina mamlaka ya kuamka na kubomoa nyumba za watu. Mkifanya hivyo mtaishia mahakamani, na kazi yote ya vipaumbele itaharibika.

Kinachowezekana kwenu ni kuzuia jengo jipya kuanzia leo. Mamlaka hayo mnayo: kifungu cha 8 cha sheria hiyo ya ardhi ya vijiji hakiruhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Mkutano mkuu ukiazimia kwamba hakuna kugawa wala kuidhinisha ujenzi ndani ya ukanda ule, na azimio likaandikwa kwenye muhtasari, mwenyekiti hana tena pa kupitishia kiwanja kimyakimya. Hapo ndipo fukwe nyingi hupotelea. Nyumba zilizokwisha kujengwa ziorodheshwe moja moja: mwaka wa ujenzi, umbali, ina choo cha aina gani. Orodha hiyo ipelekwe kwa afisa mazingira na afisa ardhi wa wilaya.

Kuhusu kupima. Ziwa hili halikai mahali pamoja. Kati ya mwishoni mwa 2019 na Mei 2020 maji yalipanda zaidi ya mita 1. Kwenye ufukwe wenye mteremko wa asilimia 2, yaani unashuka mita 2 kwa kila mita 100, maji yakipanda mita 1 ukingo unaingia ndani mita 50. Aliyepima mita 60 zake maji yakiwa chini amebaki na mita 10. Kwa hiyo msipime kutoka maji yalipo leo. Tafuteni alama ya maji mengi ya 2020: mstari kwenye ukuta wa banda, kwenye shina la mkuyu, au mahali taka za ziwa zilipokwama. Mkipata alama moja ya uhakika, ihamisheni kando ya ufukwe wote kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga uliojazwa maji, vilevile mafundi wanavyosawazisha msingi. Mpira wa mita 20, watu wawili, kigingi kila mita 15. Hakikisheni hakuna viputo vya hewa ndani ya mpira, hata kimoja kidogo kitawapotosha kwa sentimita kadhaa, na makosa hujilimbikiza kigingi baada ya kigingi. Kila baada ya vigingi 10 rudini mkahakiki na cha kwanza.

Kutoka mstari huo ndipo mpime mita 60 kwa utepe, mkiushika mlalo na si kuufuatisha ardhi, na mweke alama za zege, siyo za mti. Kigingi cha mti huwa kuni ndani ya msimu mmoja. Kisha mstari uingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, chini ya Sheria Na. 6 ya 2007. Ramani ya mpango ukishaidhinishwa ndiyo itakayowatetea atakapokuja mtu na barua ya kuomba ufukwe.

Kwenye mpango huohuo tengeni njia. Angalau nne zilizoachana: ya kuteka maji, ya kufulia, ya mwalo na ya mifugo. Ya kuteka maji iwe upande ambao upepo na mkondo havileti uchafu wa mwalo. Tazameni povu na majani yanayoelea asubuhi na jioni kwa wiki moja, mtajua yanaelekea wapi. Matete na mafunjo yaliyopo yasiguswe. Ndiyo yanayokamata udongo unaoshuka mashambani kabla haujaingia ziwani, na ndimo samaki wachanga wanamojificha.

---

Bwana Afya

Naongezea kwenye vyoo, maana nyumba yenye choo kizuri mita 50 kutoka ziwani na nyumba yenye shimo linalojaa maji mita 80 kutoka ziwani, ya pili ndiyo hatari zaidi.

Kipimo ni hiki: kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisima. Kando ya ziwa, kwenye mchanga, masharti hayo hayatimiziki kwa shimo la kawaida. Chimbeni shimo la majaribio mwishoni mwa masika, siyo kiangazi. Mita 2.5, liacheni usiku kucha mkilifunika, asubuhi pimeni maji yako wapi. Yakisimama mita 2 kutoka juu, maana yake shimo la choo halipaswi kuzidi nusu mita. Hapo msichimbe. Jengeni choo cha kupandisha: vyumba viwili vya matofali juu ya ardhi, sakafu ya zege, kila kimoja takriban mita 1 kwa mita 1 kwa mita 1, na sinki linalotenga mkojo. Kwa familia ya watu 6 chumba kimoja kinachukua mwaka na zaidi. Kila baada ya haja, kikombe cha majivu. Kikijaa kinafungwa, kinahamiwa cha pili, na kilichofungwa hakifunguliwi kabla ya miezi 12, ikiwezekana 18. Kinachoharibu vyoo hivi ni maji. Watu wanatawazia ndani ya chumba, majivu yanakuwa tope, harufu inaanza, choo kinaachwa. Kwa hiyo pa kutawazia pawe pembeni na maji yake yaende kwenye shimo dogo la kokoto. Mkilisahau hilo kwenye mchoro wa fundi, msitegemee watu wataelewana nacho.

Choo cha mwalo kiwe cha kwanza kujengwa kabla ya vya nyumbani. Mwalo wenye watu 200 wakati wa giza, bila choo, unarudisha kinyesi moja kwa moja mahali pa kuteka maji. Kipindupindu na kichocho vinaanzia hapo.

Kuhusu kichocho, mabuu yanayotoka kwa konokono huishi majini siku moja hadi mbili. Maji yakitulia saa 48 kwenye tanki lililofunikwa lisilo na konokono, hatari hiyo imeisha. Vijidudu vya kuhara havijaisha, hivyo bado yachemshwe au yatiwe klorini. Mabuu hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia kama saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, kwa hiyo watoto wanaokwenda kuogelea mchana ndio wanaoambukizwa zaidi. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Huua minyoo iliyokomaa tu. Aliyeingia majini wiki hii na kumeza leo, dawa haitaigusa minyoo michanga. Kwa hiyo ng'oeni magugu kwanza, maana kazi hiyo huingiza watu majini, na dawa zitolewe wiki 6 hadi 8 baadaye, kwa utaratibu wa zahanati.

Ng'ombe 300 wanahitaji maji. Zebu (ng'ombe wa kienyeji) hunywa kama lita 25 hadi 40 kwa siku, kwa hiyo andaeni lita 10,000 kwa siku kwenye mabirika yaliyo nje ya mita 60. Kuwazuia ng'ombe ziwani bila birika ni kutunga sheria ambayo kila mfugaji atalazimika kuivunja jioni ileile. Birika kwanza, katazo baadaye. Liandikeni hivyo hivyo kwenye sheria ndogo: kifungu cha mifugo kitaanza kutumika siku birika litakapokabidhiwa.

---

Nahodha wa Doria

Kokoro. Wakazi wengi wataliwekea punje, na wana haki. Sato hutaga kwenye maji mafupi yenye mchanga, jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni, na kokoro linapita palepale likikwangua chini. Linazoa samaki wachanga pamoja na mazalia yenyewe. Nyavu za utali (za uzi mmoja wa plastiki), zile mnaziita timba, zina hatari nyingine: zikipotea majini zinaendelea kukamata samaki bila mwenyewe.

Ila msiruhusu hasira ya mkutano mkuu iwaongoze kwenye doria. Wananchi wakikamata kokoro na kulichoma moto usiku uleule, mtuhumiwa anatoka. Kesi inakosa kielelezo. Utaratibu ni huu: doria iwe na afisa uvuvi, na askari inapobidi, andikeni saa, mahali, na namba ya mtumbwi, pigeni picha nyavu zikiwa ndani ya mtumbwi kabla hazijahamishwa, pimeni macho 10 mfululizo yakiwa yamevutwa, fundo hadi fundo, mtafute wastani, shahidi mmoja asiye mjumbe wa BMU atie sahihi. Nyavu zihifadhiwe kwa hati hadi mahakama itoe amri ya kuziteketeza. Samaki ni kielelezo kinachooza, mwulizeni afisa uvuvi siku hiyohiyo namna ya kuwaondoa kisheria. Mwaloni wekeni ubao wa kupimia wenye alama mbili zilizokatwa kwa msumeno: sentimita 50 kwa sangara, sentimita 25 kwa sato. Rangi hufutika, mkato haufutiki. Kila mchuuzi ataona mwenyewe, na ubishi utapungua nusu.

Kwenye utawala, kosa ninaloliona kubwa ni kuchanganya BMU na halmashauri ya kijiji. Mjumbe mmoja anakalia viti vyote viwili, hela zinapita mfuko mmoja, mwisho hakuna anayejua nini kilitoka wapi. Vitabu vitengane, akaunti zitengane, na mweka hazina wa huku asiwe wa kule. Ushuru wa halmashauri unaokusanywa kwa mashine ya POS si mapato ya kijiji, na hilo lisemwe mkutanoni, maana nusu ya manung'uniko ya "hela za mwalo" yanatokana na kutolijua. Mchango wowote kijiji kinaotaka kutoza upitishwe na mkutano mkuu na utolewe risiti.

---

Msomaji wa Homa Bay

Hujambo kutoka upande wa Kenya. Huku Kanuni za BMU za 2007 ziliweka kamati tendaji ya watu 9 hadi 15, na mgao wa viti: asilimia 30 wenye mitumbwi, 30 wafanyakazi wa mitumbwi, 30 kina mafundi wa mitumbwi, washona nyavu na wengine wa kazi hizo, 10 wachuuzi wa samaki. Mgao unasaidia sana, kwa sababu bila huo wenye mitumbwi hujaza viti vyote na vibarua hawasemi neno mbele ya mwajiri wao. Shida yake ni hiyo asilimia 10 ya wachuuzi, ambako kina mama ndio wengi. Kama mnaandika katiba ya BMU yenu upya, waongezeeni hapo.

---

Mdau wa Mafunjo

Nimesubiri mtu aguse magugu maji, nami naomba msiyape ahadi kubwa.

Hekta moja ya magugu yaliyokomaa inaweza kuzidi tani 200 mbichi, na zaidi ya asilimia 90 ya uzito huo ni maji. Watu 50 wakifanya kazi siku nzima wataona wamefungua kipande, upepo ukigeuka usiku kinajaa tena. Kijiji kisiandike "kumaliza magugu". Kiandike "kuweka wazi lango la mwalo upana wa mita 30 na sehemu ya kuteka maji". Hilo linawezekana. Kamba nene, madumu matupu ya lita 20 yaliyofungwa kila mita 2, wavu wa zamani wa macho makubwa unaoning'inia mita 1 chini ya maji, na mifuko ya mchanga kama nanga. Kamba iwekwe kwa pembe, siyo kukingama na upepo, ili magugu yateleze pembeni. Ikikingama, mzigo utaikata.

Angalieni pia ni gugu lipi. Lenye ua la zambarau na shina lililovimba ni gugu maji la siku zote. Lenye majani madogo yenye vinyweleo, yanayojikunja na kubanana kama kitambaa juu ya maji, ni salvinia, lile lililosumbua vivuko vya Kigongo na Busisi mwanzoni mwa 2025. Hili halizai kwa mbegu, kila kipande kilichokatika kinakuwa mmea mpya. Mkilivuta kwa reki mnalipanda. Lizungusheni kwa wavu wenye macho madogo, likusanywe zima, libebwe kwa turubai hadi juu ya alama ya maji mengi. La zambarau mbegu zake hukaa hai kwenye tope miaka mingi, kwa hiyo ufukwe mliousafisha ukaguliwe kila wiki 2 na miche ing'olewe ikiwa bado na majani manne matano.

Kuna mbawakavu wa Neochetina waliowahi kuachiwa ziwani miaka ya 1990, wanaokula gugu la zambarau tu. Ukiona majani yana makovu ya mviringo yaliyokwanguliwa, wapo. Acheni kipande cha magugu hayo mbali na mwalo wabaki nacho. Mkiondoa yote mnaondoa na wao, na yatakayoletwa na upepo yatakuta hakuna wa kuyala.

Wang'oaji wavae mabuti marefu na glavu, konokono wa kichocho hushikilia mizizi hiyo, na asiingie mtu peke yake kwa sababu ya mamba na nyoka. Mboji yake ni nzuri kwa miti, ila yakitoka karibu na mji au machimbo msiyatumie kwenye mboga wala kulishia mifugo, yanafyonza metali nzito.

Na kama mnataka kujua mwaka ujao ziwa limekuwa bora au la, tengenezeni sahani ya kupimia uangavu: mfuniko wa sentimita 20 wenye robo mbili nyeusi na mbili nyeupe, uzito chini, kamba yenye alama kila sentimita 10. Iteremshwe saa 6 mchana upande wa kivuli wa mtumbwi, mwandike kina inapopotea na inapoonekana tena mkiipandisha, mchukue katikati ya hapo. Sehemu tatu zilezile, mara 1 kwa wiki, mtu yuleyule.

---

Mkazi wa Mwalo

Nimeyaandika yote. Jedwali la mamlaka limeshachorwa na kadi zinachorwa kesho na mwalimu wa sanaa wa shule ya msingi. Mtendaji, bado swali moja: kadi zikishahesabiwa, tukipata vipaumbele vitano vyenye punje karibu sawa, tufanyeje? Na mapato yasomwe kwa namna gani ili malalamiko yaishe?

---

Mtendaji Mstaafu

Zikikaribiana, msizipange kwa tofauti ya punje tano au kumi. Kwa kaya 100 tofauti hiyo haina maana. Zichukueni zote tano, kwa kila moja jibuni: ni ya kijiji au ya ofisi nyingine? Inahitaji fedha au kazi ya mikono tu? Ikichelewa mwaka mmoja, uharibifu unarudishika? Kwa mnayoyaeleza hapa, azimio la kuzuia ujenzi mpya ufukweni litakuja mbele hata kama punje zake ni chache, kwa sababu halina gharama, liko mikononi mwenu, na nyumba ikishasimama hairudi nyuma. Choo cha mwalo na birika vinafuata kama mradi, viingizwe kwenye mpango wa kijiji wa Fursa na Vikwazo (mpango wa maendeleo unaoibuliwa na wakazi wenyewe) ili wilaya ivione. Kikundi cha vijana au kina mama cha taka kinaweza kuomba mkopo kutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kokoro iende kwa barua, nakala kwa diwani, na tarehe ya kufuatilia iandikwe kwenye muhtasari.

Mapato: mkutano mkuu hukaa kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya fedha ni haki yao. Ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na mwaloni siku 7 kabla, ukurasa mmoja, mistari minne mikubwa: salio la nyuma, kilichoingia, kilichotoka kwa kutaja kazi na tarehe, salio la benki. Namba za stakabadhi ziandikwe pembeni. Mkutanoni isisomwe mwisho watu wakiwa wamechoka, iwe ajenda ya kwanza baada ya yatokanayo.

Na kwenye kadi, nimeona nimekosea kidogo pale juu. Mambo ya nyumba ufukweni na choo yaunganishe kwenye kadi moja, kadi ya nane iache tupu. Mkazi atataja jambo lake mwenyewe na kuliwekea punje. Mdodosaji aliandike kwa maneno aliyotumia mkazi, asilitafsiri kwa lugha ya ofisi.